Saa Kumi na Mbili ya Baharia

Jumatatu, 4 Machi

Baharia ameondoka leo mchana. Amepata tena mkataba wa kupiga muziki kwenye meli za abiria, na safari hii amesema harudi mpaka magoti yamshinde. Kwa hiyo mpiga besi wa bendi ni mimi. Naandika tena nione linavyokaa: mpiga besi wa bendi ni mimi.

Ameniachia gita la besi na ile amplifaya yake kubwa kama kabati la nguo. Maelekezo alinipa akiwa mguu ndani mguu nje, teksi inampigia honi. "Gain usipandishe mpaka taa nyekundu ikawaka, ikiwaka ujue umezidisha. Besi na trebo utazungusha kwa sikio lako, kila ukumbi una tabia zake. Ila midi usinichezee. Midi saa kumi na mbili. Inyeshe, isinyeshe, saa kumi na mbili. Umenisikia?"

Nikasema nimemsikia. Akaniuliza kama najua midi inafanya kazi gani. Nikacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama anajua kufunga kamba za viatu. "Kaka, na wewe!"

Sijui midi inafanya kazi gani. Besi naijua, ni ule mvumo wa chini unaotikisa kifua. Trebo naijua, ni ule mlio wa juu wa vidole kwenye nyuzi. Hiyo ya katikati sijawahi hata kuitambua ikilia. Nitajifunza polepole bila kumuuliza mtu.

Mama Mdogo amefurahi kuliko mimi. Ndiye aliyeniombea nafasi hii. Ameimba kwenye bendi tangu mimi sijaanza shule, na tangu nilipokuja mjini kufanya kazi kwenye duka la rangi nakaa kwake, chumba cha uani. Leo ameniambia akicheka, "Usinitie aibu tu, baba."

Jumatano, 6 Machi

Mvua zimeanza, na paa la ukumbi linavuja upande wa jukwaa. Wahudumu waliisukuma amplifaya pembeni, na katika kuivuta wakashika popote mikono ilipofika. Nilipoikuta, nobu zote, vile vishikio vya kuzungusha, zilikuwa zimezunguka. Namba zilizoizunguka kila nobu zilishafutika zamani kwa kidole gumba cha Baharia, kimebaki kimstari cheupe tu cha kuonyesha inaangalia wapi.

Haidhuru, maagizo ninayo kichwani. Midi nimeiweka saa kumi na mbili: kimstari chini, kama mshale mfupi wa saa ya ukutani jua linapozama. Haikufika chini kabisa, iligota kidogo kabla. Nikasema inatosha.

Halafu nikapiga. Jamani! Sauti nene huku chini, na juu yake mng'ao kama rangi ya mafuta ambayo haijakauka. Nilipiga peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Ya Baharia ilikuwa inatokea puani kidogo, nami sikuwahi kuipenda. Nadhani nimeshampita.

Jumamosi, 9 Machi

Onyesho langu la kwanza. Mvua ilipiga bati la ukumbi kama inalidai. Kitu cha ajabu ni kwamba nilipokuwa peke yangu sauti yangu ilijaa ukumbi mzima, lakini bendi ilipoanza nikapotea. Nilikuwa naona vidole vyangu vinatembea, sisikii vinasema nini. Nikaongeza besi. Nikaongeza sauti kuu. Glasi za mezani zikaanza kutetema, na bado sikujisikia.

Mama Mdogo alikosa noti mara moja kwenye wimbo wa polepole. Hakuna aliyejali, kelele za mvua zingemvuruga mtu yeyote.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala tu.

Jumatano, 13 Machi

Mazoezi. Wimbo wa polepole una mahali magita mengine yote yananyamaza, ngoma zinanyamaza, tunabaki wawili: mimi napiga noti ndefu, yeye anaingia. Mama Mdogo aliingia chini ya noti. Tukarudia. Akaingia chini zaidi. Tukarudia, akaingia juu, halafu akateremka akitafuta, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi.

"Nipe nguvu kidogo, baba," aliniambia.

Nikaongeza besi. Nyundo, mpiga dramu wetu, akasema meno yake yanauma. Mama Mdogo akaingia vibaya tena. Akacheka, akasema ni hii mvua. Kweli ilikuwa inanyesha.

Jumamosi, 16 Machi

Leo watu wamemcheka. Walikuwa meza moja tu, karibu na mlango, lakini kicheko cha meza moja kinatosha. Pale penye ukimya, mimi na yeye, aliingia vibaya kabisa, na sauti yake ina nguvu, kwa hiyo kosa nalo lilikuwa na nguvu. Akaufumba mdomo katikati ya mstari. Nilibaki napiga noti yangu ndefu peke yangu kama mjinga.

Njiani kurudi alitembea mbele yangu. Mimi nilikuwa na hasira naye. Naandika ukweli: nilikuwa na hasira. Wiki ya pili tu ya kukaa kwenye kiti hiki, na mtu aliyenileta ndiye anayenivurugia.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua kutwa. Dukani hakuna anayenunua rangi.

Jumatano, 20 Machi

Leo haikunyesha hata tone. Ukumbi ulikuwa kimya, bati kimya, na Mama Mdogo akakosea vilevile, palepale.

Kiongozi wetu tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hawezi kubadilisha hata mpangilio wa viti bila kuitisha kikao. Leo hakuitisha. Alinivuta nje, tukasimama upenuni.

"Kuna kitu hakijakaa sawa," alisema. "Nakuuliza wewe kwa kuwa ni mtoto wake. Leo mvua hakuna. Ni besi, au ni Mama?"

Kwa sekunde moja nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Jibu la kweli lilikuwa hili: Mwenyekiti, mimi mwenyewe sijisikii. Tangu siku ya kwanza sijisikii, na sijui kwa nini. Lakini mtu akishasema hivyo amesema pia kwamba alipewa amplifaya asiyoijua, na kwamba alijifanya anaijua. Nikalimeza.

"Besi iko vilevile alivyoiacha Baharia," nikasema. "Mama… sijui niseme nini. Nyumbani siku hizi redio anaifungulia mpaka majirani wanasikia taarifa ya habari."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Masikio."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Nimekuelewa."

Habari ya redio si uongo. Anaifungulia sana kweli. Nilichoacha kusema ni kwamba paa letu nalo ni la bati, na hii ni masika.

Alhamisi, 21 Machi

Redio ya Mama Mdogo nimeipunguza mwenyewe leo, kabla majirani hawajaisikia.

Jumamosi, 23 Machi

Mwenyekiti amempunguzia nyimbo, zimebaki mbili, zote za haraka. Alimwambia kwa upole mwingi, na upole ule ndio uliomwonyesha. Alikaa nyuma ya pazia onyesho zima mkoba ukiwa magotini, kama abiria.

Nyumbani aliniuliza, "Baba, wewe una masikio mazuri. Mimi natoka nje ya noti?"

Nikasema, "Kidogo, Mama."

Jumatatu, 25 Machi

Ameenda kwa daktari wa masikio. Nilimsindikiza, maana aliomba. Walimvalisha zile spika za masikioni, akaambiwa anyooshe kidole kila akisikia mlio. Nilimwona kupitia dirisha. Alikuwa ananyoosha kidole kwa haraka kama mtoto anayetaka mwalimu amchague.

Daktari akasema, "Kwa umri wako, yako vizuri."

Njia nzima alirudia maneno matatu tu ya mwanzo. Kwa umri wangu. Kwa umri wangu. Nikamwambia daktari amesema yako vizuri. Akasema, "Kwa umri wangu, baba. Hukumsikia?"

Jumatano, 27 Machi

Mwenyekiti ameleta msichana, amekuwa akiimba harusini. Nyundo keshampa jina, Chiriku. Sauti nyembamba, safi, na adabu. Alimwamkia Mama Mdogo karibu kupiga magoti, nadhani alikuwa anaona haya kuliko sisi sote. Sisi sote ukinitoa mimi.

Jumamosi, 30 Machi

Mama Mdogo hakuja. Alisema ana nguo za watu za kumalizia kushona. Cherehani ilikuwa imefunikwa.

Jumanne, 2 Aprili

Mazoezi tumeyaleta mbele kwa ajili ya Chiriku. Tulifika kwenye wimbo wa polepole, magita yakanyamaza, ngoma zikanyamaza, nikapiga noti yangu ndefu, na Chiriku akaingia chini.

Tukarudia. Akaingia juu, akateremka akitafuta.

Nilikuwa nimeshaona. Nilikuwa nimeshaona kupapasa kule kule, kwenye ukuta uleule.

"Huyu naye masikio?" alisema Nyundo, na watu wakacheka. Chiriku akasema, "Samahani, sisikii pa kushika." Akaniangalia mimi aliposema, bila ubaya, akitaka msaada tu. Huyu msichana hana umri wa kusingizia.

Jumatano, 3 Aprili

Niliomba ruhusa dukani, nikaenda ukumbini peke yangu. Nilikuwa nimeazima waya mrefu kwa mpiga gita la solo. Nikachomeka, nikashuka jukwaani huku napiga, nikatembea hadi katikati ya meza. Mwezi mzima sijawahi kusimama pale wanapokaa watu.

Nilichokisikia ni mtu anaongea amejifunika blanketi. Mvumo mkubwa chini, vidole vinachakarika juu, na katikati hakuna kitu. Nilibadilisha noti, mvumo ukawa uleule. Nikabadilisha tena. Kama nisingekuwa naona mkono wangu mwenyewe nisingeweza kukwambia napiga noti gani. Nilipokuwa karibu na spika, peke yangu, utupu ule ulikuwa unanivutia, niliuona utajiri. Kumbe jina la noti, ile sehemu inayomwambia mwimbaji shika hapa, inakaa humo katikati, nami nilikuwa nimeifunga.

Nikarudi, nikaishika nobu ya midi ambayo Baharia alinikataza kuichezea. Nikaizungusha kulia polepole huku mkono mmoja unagonga uzi usiobanwa. Noti ikatoka. Ilitoka puani kidogo, kama ya Baharia, na ikatembea mpaka ukuta wa nyuma ikarudi. Nikapunguza ile besi niliyoirundika. Nikapunguza sauti kuu nusu nzima. Nilisikika zaidi kwa sauti ndogo kuliko nilivyosikika kwa kubwa.

Nikampigia Baharia. Bahati nzuri, meli yao ilikuwa bandarini, simu ikapokelewa.

"Kaka, midi uliniambia saa kumi na mbili?"

"Ndiyo. Juu, katikati. Kimstari kinaangalia dari. Pale haiongezi wala haipunguzi."

"Saa kumi na mbili mshale unaangalia chini."

"Chini wapi? Kumi na mbili imeandikwa juu!"

"Imeandikwa juu, lakini mshale ukifika pale ni saa sita."

Akacheka mpaka akakohoa. "Aisee! Sisi huku melini tunasoma namba ilivyoandikwa, bwana, wazungu wametuharibu. Kwa hiyo umepiga bila midi mwezi mzima? Sasa Mama alikuwa anashika wapi?"

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Mtu yeyote angeweza kukosea hivyo. Hilo nimejiambia njia nzima, na ni kweli. Lakini si mtu yeyote aliyesimama upenuni na kutoa habari za redio.

Jumamosi, 6 Aprili

Onyesho zuri kuliko yote. Chiriku aliingia kwenye noti kama mtu anayeingia kwao. Watu walisimama. Baadaye Mwenyekiti akanishika bega mbele ya wote.

"Leo besi imekomaa! Umeona? Kumbe Mama alikuwa anakuvuruga hata wewe."

Palikuwa na nafasi hapo, nafasi pana, ya kupitisha lori. Nikasema, "Labda."

Jumapili, 7 Aprili

Leo namwambia.

Jumatatu, 8 Aprili

Sikumwambia. Alikuwa na wateja.

Jumanne, 9 Aprili

Hakuwa na mteja hata mmoja.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimejigundua kitu. Nilikuwa nikidhani aibu ni kitu cha kukufanya useme ukweli. Yangu inanifunga mdomo, na kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo kufuli linavyokuwa kubwa, maana sasa nina mambo mawili ya kusema: kwamba nilikosea, na kwamba nilijua. La kwanza ni kichekesho. La pili silipatii jina.

Jumamosi, 13 Aprili

Chiriku alikuja nyumbani asubuhi, ameitwa na Mama Mdogo. Nilikuta magauni ya jukwaani yote yametandazwa kitandani, yamepigwa pasi. Mama Mdogo alikuwa na pini mdomoni, anambana Chiriku kiunoni ili apunguze.

"Hili vaa siku ukumbi umejaa," alikuwa anamwambia. "Hili lina joto, usivae kiangazi. Na kwenye ule wimbo, pale wanaponyamaza, usikimbilie. Vuta pumzi kabla hujaihitaji. Halafu unapanda kidogo, hivi…" Akainua mkono hewani, akaupandisha, bila kutoa sauti. "Sikuonyeshi kwa mdomo, nitakuharibu."

Chiriku aliinamisha kichwa. Mimi nilisimama mlangoni na mkate mkononi. Mama Mdogo akaniona, akasema kwa furaha ya kujilazimisha, "Njoo umwone mwimbaji wako, baba!"

Niliweka mkate mezani nikaenda kazini. Jumamosi huwa natoka saa nne. Ilikuwa bado saa mbili.

Jumapili, 14 Aprili

Nilitoka chumbani kwangu nikaenda jikoni kuchukua maji. Mama Mdogo alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo, anaimba chini chini. Mwezi mzima sijamsikia. Aliponisikia nyuma yake akanyamaza ghafla, akageuka, mikono ina povu.

"Samahani," akasema, "nilijisahau."

Ananiomba samahani kwa kuimba nyumbani kwake. Nilikunywa maji nikiwa nimesimama. Nilitaka kusema, nikaogopa sura yake. Lakini kesho kutwa ukumbi uko wazi mchana na mlinzi ananijua. Safari hii si ahadi ya mdomo, nimeshamwomba ufunguo.

Jumanne, 16 Aprili

Nilimwambia tu avae viatu vya matope, twende ukumbini, kuna kitu lazima akisikie. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alichukua mwavuli.

Nilimsimamisha kwenye maiki. Nikairudisha midi chini, nikairundika besi, kama siku zile. Nikapiga noti ndefu.

"Ingia, Mama."

"Unanitakia nini wewe mtoto?"

"Ingia tu. Nakuomba."

Aliingia, akakosea. Uso ukamsinyaa, akaanza kutafuta mkoba. Nikamwambia bado, Mama, subiri. Nikaipandisha midi mpaka kimstari kikaangalia dari. Nikapiga noti ileile, kidole kilekile. Akaingia. Aliingia pale pale panapotakiwa, na sauti yake ikakaa, nene, imetulia, ikajaa ukumbi mtupu mpaka popo wa darini wakahama.

Alinyamaza akaiangalia amplifaya. "Rudisha chini," akasema. Nikarudisha. Akaimba, akapotea. "Pandisha." Nikapandisha. Akaimba, akapata. Alinifanyisha hivyo mara nyingi, hajali noti tena, anauangalia mkono wangu. Kisha akaja mwenyewe akaishika nobu kwa vidole viwili, akaizungusha huku na huku kama anayejaribu bomba.

"Kwa hiyo ni hiki," akasema.

Nikamweleza yote. Saa kumi na mbili ya Baharia na saa kumi na mbili yetu. Alicheka! Alicheka kweli, akashika tumbo, akasema, "Ninyi wanaume na saa zenu!" Nami nikaanza kucheka, kwa ajili ya nafuu. Nilidhani nimeshavuka. Nikaona niseme na lililobaki kabla ujasiri haujaisha. Nikamwambia kuhusu upenuni, Mwenyekiti, na redio.

Kicheko kikamtoka usoni polepole. "Ulimwambia sisikii?"

"Sikusema hivyo, ila nilimwachia aelewe hivyo."

"Na hiki kidude, ulikijua lini?"

Hapo ndipo nilipokuwa nakimbia siku zote hizi. "Jumatano ile, Mama. Wiki mbili kesho."

Niliona anahesabu. Hakuhesabu siku, alihesabu mambo. "Kabla ya magauni," akasema.

"Kabla."

"Ulikuwa umesimama mlangoni na mkate."

"Ndiyo, Mama."

Sijui nilitegemea nini. Kofi lingenifaa. Alifunga mkoba wake, akachukua mwavuli, akasema, "Zima umeme wa watu. Twende, mvua inarudi." Nyumbani alinipakulia chakula kama kawaida, na hilo ndilo lililonishinda. Nililia mbele ya sahani, mtu mzima na ndevu zangu. Akasema, "Kula, kinapoa."

Jumatano, 17 Aprili

Nimesema mbele ya bendi yote. Nilisema ya nobu, nilisema ya upenuni, nilisema na siku niliyojua. Waliisikia ya nobu tu. Nyundo alilala chini kwa kucheka. Nimeshapewa jina, Kumi na Mbili, na naona litanizika. Kila nikisema jambo mtu anauliza, "Kwa saa za wapi?" Nilitamani wakasirike. Chiriku peke yake hakucheka. Mwenyekiti naye akasema hiki si kikao, akachukua koti akaenda nyumbani kwetu kwa miguu.

Ijumaa, 19 Aprili

Chiriku ameyarudisha magauni yote. Mama Mdogo amechukua nusu. Watagawana nyimbo, wameelewana wao wawili bila Mwenyekiti. Wimbo wa polepole ni wa Mama Mdogo.

Jumamosi, 20 Aprili

Hakuimba leo. Amesema apewe wiki.

Jumatano, 24 Aprili

Mazoezi. Aliimba vizuri. Mvua imepungua, asubuhi kulikuwa na jua.

Jumamosi, 27 Aprili

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alimtangaza kwa maneno marefu, watu wakapiga makofi, hata ile meza ya mlangoni. Midi niliikagua kabla, nikaikagua tena, nikawa kama mtu anayerudi kuangalia kama amefunga mlango.

Tukafika kwenye wimbo wa polepole. Magita yakanyamaza, ngoma zikanyamaza. Nikapiga noti ndefu, safi, hata mtoto angeishika. Mama Mdogo akaingia palepale. Hakuna sauti kama ile, na hawezi kuipata Chiriku wala mwingine yeyote. Nyuma yangu nilimsikia Nyundo anasema, "Haya sasa!"

Miaka yote hii Mama Mdogo ameimba wimbo ule macho yamefumbwa. Leo aliyafungua. Alimaliza mstari wa kwanza, kwenye noti kabisa, na makofi yakiwa yanapigwa akanigeukia mimi, akaniangalia na nyusi zimeinuka kidogo. Nilidhani nimekosea kitu. Nikaangalia vidole vyangu, nikaangalia amplifaya. Alipomaliza mstari wa pili akanigeukia tena, na hapo nikaelewa. Alikuwa ananiuliza kama iko sawa.

Daktari amemwambia, nobu imemwambia, ukumbi mzima unamwambia, na bado hajui. Mimi ndiye niliyemwondolea imani ya masikio yake mwenyewe, na sina nobu ya kuirudishia. Mbaya zaidi, katika watu wote wa ukumbi ule amemchagua wa kumuuliza, na amenichagua mimi, niliyemdanganya.

Nilimwitikia kwa kichwa. Iko sawa, Mama. Akaniangalia kidogo zaidi, kunipima kama nasema kweli, kisha akavuta pumzi akaenda mstari wa tatu. Alipoumaliza akageuka tena.